Mama Redio na Swali la Madaktari

Kwa miaka mingi watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio, na katika mchezo uliompa jina alikuwa mama mkwe, yule ambaye ukimsikia akikohoa mlangoni unajua mke wa mwanawe leo chakula hakitamshuka. Sokoni wanawake walimgeuzia mgongo. Muuza nyanya mmoja alikataa katakata kumuuzia mpaka aahidi kwamba ataacha kumtesa yule binti wa watu. Aliahidi bila kusita, akapewa nyanya zake, na wiki iliyofuata akamtesa binti maradufu. Jina likamganda: Mama Redio. Hata mumewe, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mpole kupita kiasi, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Kisha wakubwa wa redio wakaamua kwamba wasikilizaji wanataka muziki. Michezo ikafutwa, na kile chumba chenye kuta zilizofunikwa magodoro, chenye sinia la kokoto walilolikanyaga kutoa mlio wa nyayo, kikawa stoo ya viti vibovu. Haukupita muda mumewe akaugua, akafariki. Watoto walishakuwa na miji yao. Mama Redio akabaki katika ua mmoja na wifi yake, dada wa marehemu, mjane kama yeye, fundi cherehani aliyeshona sare za shule hadi macho yakamwomba apumzike. Wifi alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Walitaniana tangu kufungua milango hadi kuifunga, na majirani waliokuwa wageni walidhani wanagombana.

Siku moja Mama Redio alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa katika hospitali ya chuo, akisubiri vidonge vyake vya presha. Kijana mmoja aliyevaa suti alijipenyeza mbele. Mama Redio hakupaza sauti. Alimwuliza tu, kwa ile sauti ya mama mkwe, kama kwao wote huzaliwa hawana haya au ni yeye peke yake. Foleni nzima ikageuka. Kijana akarudi nyuma bila kubishana. Lakini aliyegeuka haraka kuliko wote alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi kichwa kizima na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alimfuata Mama Redio hadi kwenye benchi la nje, akamwambia kwamba ameijua sauti ile tangu akiwa msichana, na kwamba ana kazi anayotaka kumpa.

Mwanamke yule alikuwa profesa wa magonjwa ya akili. Alieleza kwamba ameanzisha mafunzo mapya ya kuwafanya madaktari wawe mabingwa wa afya ya akili ya wazee. Wanafunzi aliwapata, ingawa wenzao waliwacheka na kuwauliza nani anaacha upasuaji akasomee kusikiliza vikongwe. Vitabu alikuwa navyo. Alichokosa ni mtu wa kufanyia mazoezi. Wagonjwa halisi walikuwa wamechoka, na hakuona haki mzee mmoja aliyelemewa aulizwe mambo yaleyale na watu wanane kwa zamu ili wao wajifunze. Alitaka mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anayeweza kuugua kwa kuigiza, kisha akapona, kisha akawaambia wanafunzi alivyojisikia walipokuwa wakimhudumia.

Jioni Mama Redio alipomweleza wifi yake, wifi aliweka kikombe chini kwanza.

"Kwa hiyo umeishiwa sehemu za kuigiza hadi unaigiza uzee," alisema. "Si ungekaa tu hapo hapo ulipo."

Lakini siku ya kwanza ya kazi, wifi ndiye aliyemchagulia gauni na kulipiga pasi.

Profesa hakumpa maneno ya kukariri. Alimpeleka wodini, na kwa ruhusa ya wagonjwa na ndugu zao akamketisha pembeni asikilize. Mama Redio, aliyekuwa amezoea kusikiliza watu ili awaige, akaanza kuona tofauti ambazo hakuwahi kuzijua. Alikuwepo mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ukimwuliza mwezi gani huu, alijitahidi kujibu, akakosea, akafunika kosa kwa mzaha, akakuuliza wewe kwani hujui kalenda. Alikuwepo mwingine aliyechanganyikiwa ghafla kwa sababu ya maambukizi ya mkojo. Huyo asubuhi alikuhadithia habari za shamba lake vizuri kabisa, mchana akawa anafukuza kuku ukutani. Na alikuwepo bibi mmoja aliyeletwa na wanawe kwa kuwa eti amesahau kila kitu, naye hakuwa amesahau chochote. Alikuwa na sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Hakuwahi kusema ana huzuni. Alisema mgongo unauma, chakula hakina ladha, kichwa ni kizito. Na kila alipoulizwa kitu, alijibu "sijui" kabla swali halijafika mwisho.

"Hilo 'sijui' lishike," Profesa alimnong'oneza. "Yule mwenye kupoteza kumbukumbu anatafuta jibu halipati. Huyu hana nguvu ya kulitafuta."

Mama Redio akalishika. Alilifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo: sauti inayotoka bila kusukumwa, mikono iliyosahauliwa mapajani, jicho linalotazama sakafu. Wifi alipomkuta katika hali ile alisimama mlangoni akaangalia kwa muda, kisha akamwomba aache kwa sababu anamtisha.

Chumba cha mafunzo kilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya chini. Kulikuwa na kitanda kimoja, pazia la kijani, viti vitatu na kioo kikubwa ukutani ambacho nyuma yake Profesa aliketi na kutazama bila kuonekana. Muuguzi mmoja aliigiza binti wa mgonjwa. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, na karibu wote walianza kwa kosa moja: walimwamkia mama, kisha wakamgeukia binti. Anakula? Analala? Ameanza lini? Mama Redio alikaa pale katikati kama mzigo ulioletwa kupimwa uzito. Mazoezi yalipokwisha na Profesa akamwomba atoe maoni, siku ya kwanza aliogopa. Hawa walikuwa madaktari, na yeye elimu yake ilikuwa ya sekondari na studio. Profesa akamkumbusha kwamba hajaulizwa habari za dawa. Ameulizwa alivyojisikia, na hilo hakuna mwingine chumbani anayelijua. Basi akawaambia. Aliwaambia kwamba tangu waingie hakuna aliyemwuliza jina. Wanafunzi wakainamisha vichwa, na wiki iliyofuata wakaingia, wakavuta kiti, wakaketi mbele yake, wakauliza jina.

Walijifunza haraka, tena kwa moyo. Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo wote walikwama.

Miongoni mwao alikuwa daktari mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Mnara. Alikuwa hodari wa darasa. Alijua dawa zote na madhara yake, alijua ipi humwangusha mzee na ipi humkausha kinywa. Siku ya zamu yake na mgonjwa wa sonona alikwenda vizuri tangu mwanzo. Alimwamkia, akaketi, akazungumza naye taratibu, akamwuliza usingizi, chakula, maumivu. Kisha akafika pale. Akakohoa. Akapanga kalamu zake.

"Mama, je, labda... una mawazo mabaya?"

"Mawazo mabaya gani, baba?" Mama Redio aliuliza kwa sauti ya chini.

Mnara akauliza habari za mgongo. Kengele ikalia, muda umekwisha, na swali lenyewe halikuulizwa.

Profesa alitoka nyuma ya kioo. Hakumkaripia. Alimwuliza tu kilichomzuia, na Mnara akasema ukweli wake. Kwao, alisema, kijana hamtamkii mzee habari ya kifo chake. Ni kama kumwombea afe. Mama huyu ni rika la bibi yake mzaa mama, aliyemlea. Angewezaje kukaa mbele yake na kumwuliza kama anataka kujiua? Wenzake wote walikiri kwamba hata wao wangekwama palepale.

"Ninakuelewa," Profesa alisema. "Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini wazee tunaowapoteza tunawapotezea hapo. Anaondoka kwa daktari wake ameheshimiwa sana, na hakuna aliyemwuliza."

Mazoezi yakasimamishwa. Wakavuta viti wakakaa duara, na shughuli ile ikawachukua mchana mzima. Profesa aliwaambia sayansi inavyosema: kumwuliza mtu hakumtii wazo kichwani, wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Ila maneno ya kitabuni, kila walipoyageuza, yalitoka kama ya polisi. Hapo Mama Redio akaomba kusema. Katika redio, alisema, hakuna sura wala mikono, kila kitu kinabebwa na maneno na pumzi. Mkwe akitaka kumwambia mkwewe jambo zito haanzi na jambo. Anaomba ruhusa kwanza. Na hamnyooshei kidole yeye peke yake; anamtia katika kundi la wenzake, ili asione aibu ni yake tu.

Wakajaribu hivi, wakajaribu vile. Mama Redio alijibu kila namna kama mgonjwa, akiwaambia hili limenifungua, hili limenifunga. Wao wakielekea kuzungukazunguka mno, Profesa aliwavuta kamba: upole usiwe kichaka cha kujifichia, mwisho lazima swali liulizwe wazi, kwa jina lake. Jua lilipokuwa limeshageukia dirisha la pili wakawa wamelipata. Mnara ndiye aliyelisema kwa ukamilifu mara ya kwanza, ameinama kidogo, mikono imetulia:

"Mama, naomba ruhusa nikuulize jambo zito. Watu wengi wakilemewa kama ulivyolemewa wewe, hufika mahali wakatamani wasiwepo tena. Wewe umefika hapo?"

Akasubiri. Mama Redio akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Umefikiria kujiua?"

Mama Redio aliinua macho, akamtazama. Baadaye aliwaambia kwamba pale alisahau anaigiza. Alijiona ameketi na mtu ambaye hatakimbia.

Swali lile likawa sehemu ya mafunzo. Wanafunzi waliofuata walilikuta tayari, na Profesa hakuacha kuwaambia kwamba lilitengenezwa na watu gani.

Mwaka ukapita. Mama Redio alikuwa ameshakuwa mtu wa kuamkiwa koridoni. Alirudi nyumbani na visa, na wifi yake alivitia chumvi na kuvirudisha. Kisha, bila Mama Redio kuweza kusema ni siku gani hasa, visa vikaanza kuanguka chini bila kuokotwa. Wifi alisikiliza, akasema "haya." Cherehani, ambayo bado aliifunua mara mojamoja kurekebisha nguo za majirani, ikabaki imefunikwa kitambaa. Sufuria ikaungua. Ufunguo ukapotea, ukapatikana mlangoni penyewe. Mtoto wa wifi alikuja kumtembelea mama yake, akakaa saa moja, akatoka nje na kumwambia Mama Redio kwamba mama sasa uzee umemfikia, akili zinaondoka, itabidi ahamie kwake. Alisema kwa huruma. Hakuwa mtoto mbaya.

Mama Redio aliingia ndani. Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani.

"Wifi, umekula nini leo?"

"Sijui," alijibu wifi, na swali lilikuwa halijafika mwisho.

Jibu lile Mama Redio alilijua. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, kwa sauti ileile, mbele ya madaktari wengi hata hawezi kuwahesabu. Lakini chumba hiki hakikuwa na kioo wala kengele, na aliyekaa mbele yake alikuwa mtu aliyemshonea gauni la harusi, waliyetukanana naye kwa mapenzi tangu wote wawili wana meno yote. Siku zote yeye alikuwa wa kujibu. Hakuwahi kuuliza. Sasa ndipo alipoelewa Mnara alikohoa kwa nini.

Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda, magoti yao yakagusana.

"Wifi yangu, naomba ruhusa nikuulize jambo zito."

Wifi aliinua macho, akamtazama.

"Watu wengi wakilemewa kama ulivyolemewa, hufika mahali wakatamani wasiwepo tena. Wewe umefika hapo?"

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani. Ulidunda, ukadunda tena.

"Nimefika," wifi alisema. "Siku nyingi. Nilikuwa nakusubiri uniulize, halafu nikawa naomba usiniulize."

Mama Redio alimwuliza na lile la pili, kwa jina lake, kama walivyokubaliana kule duarani. Wifi alijibu kwamba ndiyo, lilikuwa limeshampitia kichwani, na aliposema hivyo akalia kwa mara ya kwanza tangu kumzika kaka yake. Mama Redio hakumwambia anyamaze. Hakumwambia amshukuru Mungu kwa alivyo navyo. Alimshika mikono hadi kilio kikapungua, akamfunga mtandio kichwani, akamwita yule mtoto wa wifi akiwa bado yuko kwenye ngazi za nje, na wote watatu wakaenda kliniki ya hospitali ya chuo mchana uleule.

Aliyekuwa zamu ni Mnara. Mama Redio alitaka kumweleza kila kitu mlangoni, lakini Mnara, kwa adabu zote, alimwomba asubiri. Akavuta kiti mbele ya wifi, akamwamkia, akamwuliza anapenda aitweje. Mtoto wa wifi alipoanza kujibu kwa niaba ya mama yake, Mnara alimwambia kwamba zamu yake itafika. Alichukua damu ipimwe. Aliuliza dawa anazotumia, akakuta ya presha imebadilishwa miezi michache nyuma. Alipima kumbukumbu taratibu, akimpa muda, na pale wifi aliposema "sijui" hakuandika haraka. Alisubiri, akamtia moyo, na jibu likatoka, sahihi. Mwishowe akawaambia wote watatu kwamba akili za mama hazijaondoka. Ni sonona, imetokana na msiba uliofuatwa na upweke, na inatibika. Watampa dawa kidogo kidogo, watazungumza naye kila wiki, na kwa sasa asiachwe peke yake.

Mtoto wa wifi alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha akatoka nje, akaegemea ukuta wa korido, akajifuta uso kwa kiganja.

Kupona hakukuja kwa kishindo. Wiki za mwanzo Mama Redio alihamishia godoro lake chumbani kwa wifi, na mara kadhaa alikata tamaa kimoyomoyo. Kisha asubuhi moja, akijiandaa kwenda chuoni, alisikia sauti nyuma yake.

"Unatoka na gauni hilo mbele za watu waliosoma?"

Mama Redio alisimama palepale. Alijibu kwamba gauni lilishonwa na fundi mmoja asiyejua kukata mabega. Wifi akamwambia alivue upesi. Kitambaa kikaondolewa juu ya cherehani, na Mama Redio akachelewa kazini kwa sababu ya mabega, na hakujali hata kidogo.

Mwaka uliofuata kundi la kwanza la mabingwa lilifanya mtihani wa mwisho. Watahini walitoka vyuo vya mbali. Mmoja wao, mzee mnyamavu mwenye fimbo, alikaa nyuma ya kioo akamtazama Mama Redio akiugua mbele ya wanafunzi, kutwa nzima. Jioni alimvuta Profesa pembeni akamwuliza kama yule mama ana mtu wa kumrudisha nyumbani, maana hakupenda kumwona akiondoka peke yake katika hali ile. Profesa alimwita Mama Redio, na Mama Redio akamwamkia mzee yule kwa sauti ya mama mkwe. Mzee alicheka hadi fimbo ikamponyoka.

Wote walifaulu, Mnara akiwa wa kwanza. Siku ya mahafali Mama Redio alikwenda kukaa nyuma, kwenye viti vya wageni, pamoja na wifi. Profesa alishuka jukwaani na joho lake, akapita katikati ya watu, akamshika mkono. Kwenye safu ya walimu kulikuwa na kiti kitupu. Profesa aliwatangazia watu kwamba huyu ni mwalimu wa chuo hiki, amefundisha kila bingwa anayehitimu hapa leo, na hakuna hata mmoja aliyehitimu bila yeye. Madaktari wapya wakasimama. Mama Redio, aliyezoea makofi ya watu asiowaona, hakujua mikono aiweke wapi. Alitazama viti vya wageni. Wifi yake alikuwa amesimama pia, akimwonyesha kwa ishara anyooshe mabega ili gauni likae sawa.

Sasa hayuko peke yake. Chuo kimempa kikundi cha wastaafu awafundishe kuigiza wagonjwa: kondakta wa basi, mkunga, na hakimu mmoja ambaye kila daktari akikosea Kiswahili anamsahihisha katikati ya ugonjwa. Wifi aliomba ajaribiwe, akajaribiwa, akaangua kicheko mbele ya mwanafunzi, akaondolewa. Akapewa kazi ya mavazi. Huwa anakaa pembeni na sindano zake wakati Mama Redio anapita kati ya wanakikundi wake, anamgusa hakimu begani, anamwambia ajibu polepole zaidi, mheshimiwa, na asimtazame daktari usoni mpaka daktari amstahili.